Mwamba wa Tororo na Gharama ya Uzembe

Msafiri avukaye mpaka pale Busia na kuelekea kaskazini huuona Mwamba wa Tororo akiwa bado mbali na mji. Ni kiini cha volkeno ya kale, kifikacho karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, nacho hupandwa kwa ngazi kwa muda wa saa moja hivi.

Ufupi huo ndio mtego. Aendaye Mlima Elgon, wenye meta 4,321, hubeba blanketi na kutafuta kiongozi. Apandaye Tororo aweza kwenda na kandambili, bila maji, mvua ya alasiri ikimngojea kileleni. Akiteguka mguu, gharama ya kwanza hulipwa na mabega ya wenyeji wamteremshao ngazi kwa ngazi, shughuli zao zikilala.

Huko Kilimanjaro, mpandaji atokaye nchi za nje hutozwa mapema dola 20 za Marekani kwa ajili ya uokozi, awe mwangalifu au mzembe. Hiyo ndiyo haki: aangukaye huwa amekwisha kuchangia kabla ya kuanguka. Hata Tororo, ada ndogo ya namna hiyo ingefaa.

Lakini ada hainunui uangalifu. Viatu imara na chupa ya maji ni malipo ya mpandaji mwenyewe, nayo hulipwa kabla ya kutoka nyumbani.