Mali bila daftari: chanjo, mionzi na askari wa nyumba zetu



Tangu mpwa wangu ajiunge na Walinzi wa Taifa wa jimbo hili la Minnesota, dada yangu aliyeko Mombasa hunipigia simu na maswali mawili yasiyokwisha. La kwanza: kwa nini kijana huyu anadungwa sindano nyingi hivyo, ilhali ni mzima wa afya? La pili: kile kidude anachobandika kifuani katika picha alizotutumia ni cha nini, na ikiwa kazi yake haina hatari, mbona avae kipima hatari? Mpwa wangu ni fundi wa eksirei katika kikosi cha tiba. Nimeona nimjibu dada yangu kwa maandishi, mbele yenu nyote, kwa kuwa nyumba nyingine zetu hapa Minneapolis na Saint Paul zina vijana waliovaa magwanda, na mama zao wana maswali yayo hayo.

Nianze na sindano. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla halijaandikwa vitabuni: kambini, maradhi yanaweza kuua kuliko adui. Askari hulala bega kwa bega, hula chungu kimoja, hunywa maji ya nchi wasiyoizoea. Mmoja akiingia na surua au ndui, kambi nzima hugeuka hospitali. Ndiyo maana George Washington, mnamo Februari 1777, aliamuru jeshi lake likingwe dhidi ya ndui, ingawa njia ya zama hizo ilikuwa ni kumpandikiza mtu usaha wa ugonjwa wenyewe, na wengine walikufa kwayo. Alizipima hatari mbili, akaichagua iliyo ndogo.

Kwetu hesabu hiyo haikufanywa kwa ajili ya wote. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwakusanya watu wetu kwa mamia ya maelfu wakawe wapagazi wa jeshi katika Afrika Mashariki. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, bado linaishi midomoni mwetu: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa ni zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, kichomi na malaria. Ni wangapi hasa, na ni akina nani? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa alipobeba mzigo, hakuna atakayeandika kilichomuua.

Majirani zangu kadhaa hapa ni watu wa Barawa, wasemao Chimwini, lugha ambayo masikio yetu huitambua kama ndugu aliyekulia mbali. Wao hukumbusha kwa fahari kwamba ndui iliishia kwao, katika pwani ya Benadir. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, aliyetokwa na upele mnamo Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akatumia miaka ya mwisho ya maisha yake kuwashawishi wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao dhidi ya polio. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha.

Hata hivyo, mnamo Desemba 2002 serikali ya Marekani iliirudisha chanjo ya ndui kwa askari wake, kwa hofu kwamba adui angeweza kuutumia ugonjwa huo kama silaha. Kila askari aliulizwa maswali kwanza: una ukurutu? Nyumbani kuna mwenye mimba? Ilipoonekana kwamba wachache waliochanjwa walipata uvimbe wa moyo, mwaka 2003 wenye maradhi ya moyo waliondolewa katika orodha. Hatari hiyo ilionekana kwa sababu kila chanjo ilikuwa na tarehe, na kila mgonjwa alikuwa na faili.

Dada yangu, usidhani nakuambia kwamba chanjo za jeshi hazijawahi kudhuru. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano kwa dawa iliyochanganywa na maji ya damu ya binadamu. Damu hiyo ilikuwa imebeba virusi vya homa ya ini. Askari wapatao 50,000 waliugua manjano na kulazwa. Madaktari waliligunduaje chimbuko? Walifuata namba za mafungu ya dawa: waliougua walikuwa wamedungwa kutoka mafungu fulani, na wenzao waliodungwa kutoka mafungu mengine walikuwa salama. Mwaka huohuo ikaanza kutumika chanjo isiyo na maji ya damu. Chanjo hiyo ya homa ya manjano ndiyo baba wa ile tunayodungwa leo, ile ya kadi ya manjano tunayoificha pamoja na pasipoti tunapokwenda nyumbani.

Hapa Minnesota tumeyaona pia madhara ya kutochanja. Mwaka 2017 surua iliwapata watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa, baada ya wazazi wao kutiwa hofu kwa miaka kwamba chanjo huleta usonji. Hofu ya mama si ujinga, nami sitamdharau yeyote aliyekuwa nayo. Ila hofu hujibiwa kwa kumbukumbu zilizotunzwa, na kumbukumbu za chanjo hiyo, za mamilioni ya watoto katika nchi nyingi, haziungi mkono uvumi ule.

Sasa nije kwenye kidude cha kifuani. Dada yangu aliamini kwamba ni kinga, namna ya hirizi. La, hakizuii chochote. Kazi yake ni kuandika. Hupokea mionzi ileile inayompata mvaaji, kisha kwa vipindi maalumu hupelekwa kusomwa, na kiasi kilichosomwa huingizwa katika rekodi yenye jina lake.

Kinga yenyewe ina nguzo tatu. Ya kwanza ni muda: usikae karibu na chanzo cha mionzi zaidi ya unavyohitajika. Ya pili ni umbali: ukirudi nyuma hadi umbali uwe maradufu, mionzi hupungua hadi robo. Ya tatu ni kizuizi: ukuta, pazia au aproni yenye madini ya risasi. Lugha yetu ina ajabu yake hapa, kwani neno risasi ni jina la kile kinachomuua askari na ni jina la madini yanayomkinga. Sheria ya Marekani humruhusu mfanyakazi wa mionzi kupata kiasi kisichozidi milisivati 50 kwa mwaka. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisivati. Fundi anayesimama nyuma ya kizuizi aghalabu hupata kidogo mno, naye mpwa wangu hunionyesha ripoti zake kwa tabasamu la mtu anayedai kwamba mjomba ana wasiwasi kupita kiasi.

Nina sababu ya wasiwasi huo. Kati ya mwaka 1945 na 1962 Marekani ililipua mabomu ya nyuklia hewani na majini kwa majaribio, na askari wasiopungua laki mbili walishiriki. Wengine waliketi katika mahandaki, wakatazama wingu likipanda. Wengi hawakupewa kipimo cha mtu binafsi, na wote walifungwa na kiapo cha siri ambacho hakikuondolewa hadi mwaka 1996. Saratani zilipoanza kujitokeza, waliambiwa wathibitishe kiasi cha mionzi kilichowapata. Wangethibitisha kwa nini? Mwaka 1988 ndipo ilipopita sheria iliyosema kwamba aliyekuwepo majaribioni, na akaugua mojawapo ya saratani zilizotajwa, hana haja ya kuthibitisha kiasi. Lakini kuwepo kwake lazima kuonekane kwenye karatasi. Na mnamo Julai 1973 moto katika jengo la kumbukumbu huko Missouri ulikuwa umeteketeza mafaili ya askari yapatayo milioni 16 hadi 18.

Jirani yangu mmoja hapa Saint Paul, mzee mkimya ambaye majira ya baridi huketi juu ya ziwa lililoganda akivua samaki, alipelekwa ujanani mwake kwenye kisiwa cha Enewetak, katika Bahari ya Pasifiki, kufagia udongo uliochafuliwa na majaribio yale. Usafishaji huo ulifanyika kati ya mwaka 1977 na 1980, lakini kwa zaidi ya miaka 40 waliofagia hawakuhesabiwa miongoni mwa waliopatwa na mionzi. Sheria iliyoitwa PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, ndiyo iliyowaingiza. Mzee alitakiwa aonyeshe tu kwamba alikuwa kule. Karatasi ya amri ya safari yake ilipatikana ndani ya sanduku la ndoana na nyuzi za kuvulia, ikiwa imekunjwa mara nne. Aliniambia kwamba hakuihifadhi kwa makusudi. Hakupata tu kuitupa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona kwamba afya ya askari ni mali ya namna hiyo. Sindano hukinga mwili wa leo, na aproni ya risasi hukinga mwili wa leo; daftari hukinga mwili wa miaka 30 ijayo, siku askari atakapokuwa mzee anayekohoa mbele ya karani asiyemjua.

Babu yetu mzaa mama alikuwa karani katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma mwaka 1944. Alikuwa akitusimulia kwamba kila siku walipangwa mstari wameze kidonge cha mepakrini cha kuzuia malaria, huku ofisa akiwatazama midomoni, kwani Jenerali Slim aliwaondoa makamanda ambao askari wao hawakumeza. Kitabu chake cha malipo kipo. Ndani yake mna ukurasa wa chanjo: ndui, homa ya matumbo, homa ya manjano, kila moja na tarehe yake. Nasaba yetu iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu inawataja baba zake mmoja baada ya mmoja hadi Hadhramaut, lakini juu ya mwaka 1944 haisemi neno. Ukurasa wa chanjo ndio uliotuambia lini aliondoka pwani na lini alirudi.

Kwa hiyo, dada yangu, jibu langu ni hili. Mwache kijana achanjwe, naye aulize jina la kila chanjo na namba ya fungu lake. Avae kipimo chake kila siku ya kazi, na kila mwaka aombe ripoti ya mionzi iliyompata, maana ni haki yake. Tumekubaliana naye kwamba nakala zitakaa mahali patatu: kwangu hapa, kwako Mombasa, na kwa shangazi Muscat. Moto mmoja hautafika kote.

Nanyi wasomaji, ambaye babu yake alikuwa askari, mpagazi au mpishi wa jeshi, naomba afungue kile kijitabu kilichomo sandukuni, asiishie kwenye picha na nishani. Atafute ukurasa wa chanjo na aupige picha kabla mchwa hawajaufikia. Na kama mna kijana aliyevaa magwanda leo, muulizeni karatasi zake ziko wapi.