Chambo cha Mbegu

Darasani kwetu, kidato cha tatu, wananiita Mvuvi. Hata mwalimu wa zamu akinikuta langoni nimechelewa huuliza, "Leo umevua ngapi?" Kwa hivyo wenzangu wa Chama cha Kiswahili waliponiomba niandike habari za uvuvi nilikubali mara moja, kisha usiku nikajuta. Siwezi kuwaeleza jinsi ninavyovua bila kuwaeleza kwa nini chambo changu kimebadilika, na jambo hilo nimewaficha shule nzima tangu Februari. Lakini mficha uchi hazai. Nisikilizeni.

Kwanza mjue kwamba kwetu samaki ni mgeni. Wakipsigis wa zamani walijua maziwa, nyama na wimbi. Kogo, yaani nyanya yangu, mpaka leo hawezi kumtazama samaki mwenye kichwa. Husema huyo ni nyoka aliyesahau kukua. Lakini chini ya kilima chetu kuna lambo ambalo wazee husema lilichimbwa wakati wa masetla ili ng'ombe wapate maji, na ndani yake mna tilapia. Walifikaje? Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki: mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita mraba 300 na vifaranga 1,000. Mengi yaliachwa yakawa makao ya vyura. Inasemekana bwawa moja la hapa juu lilifurika masika fulani, samaki wakateremka na maji hadi lamboni. Sikuwepo, au nilikuwa bado mgongoni mwa Mama.

Aliyenifundisha kuvua ni jamaa mmoja wa bodaboda hapa stendi ya Chepseon, mtu aliyekulia Ahero. Mto Kipchorian unaopita Kipkelion hatimaye huingia Nyando na kupita kwao, kwa hiyo alipenda kunitania kwamba sisi wa juu huwapelekea matope na wao hutupa maarifa. Siku moja alinikuta lamboni nina mnyoo kwenye ndoana na uso umenikunjamana kama ngozi ya ngoma.

"Kijana, unawavulia kambale ama tilapia?" aliniuliza.

"Yeyote atakayekuja, kaka."

"Yeyote hatakuja. Tilapia mpe nafaka."

Basi nikajifunza. Unachukua punje za mahindi makavu, unaziloweka usiku kucha, asubuhi unazichemsha kwa moto wa mos mos mpaka ukiibonyeza punje kwa kucha inabonyea, lakini ngozi yake haijapasuka. Ikipasuka umeharibu, itayeyuka majini na samaki watakula bure. Ndoana iwe ndogo, ipite kando ya kiini ambapo ngozi ni ngumu. Boya nililikata kutoka kwenye patapata kuukuu, chubwi ni nati ndogo ya baiskeli, na ufito ni mwanzi. Lakini siri yenyewe haiko kwenye ndoana. Siri ni kuwalisha kwanza. Siku tatu nne kabla ya kuvua unatupa konzi ya punje mahali pale pale, saa ile ile. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na njia yangu ya kurudi nyumbani hupita ukingoni, kwa hivyo kila jioni nilitupa konzi yangu nikapita zangu kama mtu anayelisha kuku. Samaki hana saa ya mkono lakini huzoea haraka kuliko sisi na kengele ya asubuhi.

Wakati mzuri ni kiangazi, Januari na Februari. Watu wakisikia Kericho hufikiri kwetu hunyesha mwaka mzima. La! Miezi hiyo jua huwaka, maji ya lambo hushuka na kupata joto juu juu, na tilapia ni samaki wa joto. Maji yakiwa baridi hukaa chini kimya kama mtu aliyefiwa. Ukienda saa kumi na mbili asubuhi na ukungu wetu huu utapata mafua tu. Mimi nilikuwa naenda Jumamosi kuanzia saa tano hadi saa tisa. Boya huanza kutetemeka, tii, tii, halafu linazama ghafla, chubwi! Hapo ndipo moyo unapokuja mdomoni.

Mtaniuliza kama mbegu za nafaka hutumiwa na watu wengine. Ndiyo. Uingereza kuna samaki mdogo mwenye macho mekundu aitwaye roach, na wavuvi wake humtega wakati wa joto kwa ngano iliyochemshwa, na hata kwa mbegu za mmea wa jamaa ya bangi, ule usiolevya. Huzichemsha mpaka zipasuke na kuonyesha kichipukizi cheupe. Hapo zamani wengine walilalamika kwamba mbegu hizo huwalewesha samaki, jambo ambalo si kweli. Msije mkamweleza naibu wa mwalimu mkuu kwamba mnatafuta mbegu hizo kwa ajili ya uvuvi!

Sasa nifike kwenye lile nililoliogopa.

Kiangazi kinachowafurahisha samaki ndicho kinachotuumiza nyumbani. Majani chai hukataa kuchipua. Mama akienda kituoni anapima kilo saba, nane, ilhali wakati wa mvua hupima hata ishirini na tano. Bonasi ya Oktoba imeisha Krismasi. Nilitaka kununua Nguu za Jadi, maana kitabu cha kutahiniwa huwezi kukiazima kila siku, na yule mama anayekaanga samaki sokoni alikuwa ananipa hamsini kwa samaki wa ukubwa wa kiganja. Hesabu ilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa mahindi. Ghalani yalibaki ya mwisho mwisho, yametobolewa na fukusi, na punje yenye tundu haikai kwenye ndoana.

Juu ya kabati la Mama palikuwa na pakiti ya mbegu, H614, ya kupanda mvua za Machi zikifika. Punje nzima, nene, zote sawa kama meno ya bwana harusi. Zilikuwa na rangi ya waridi, ile dawa ya kuzuia wadudu na kuvu. Kwenye pakiti imeandikwa wazi kwamba si chakula. Nilisoma. Mimi nilipata B+ ya Biolojia, siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijiambia kwamba nikiziosha mara tatu rangi itatoka, na rangi ikitoka dawa nayo imetoka. Nilichota konzi tatu, nikafunga pakiti vizuri, nikaziosha, nikaziloweka, nikazichemsha Jumamosi asubuhi katika kisufuria kidogo. Kweli zilitoka nyeupe. Zilifanana kabisa na mahindi ya githeri.

Nikaziweka kwenye bakuli zipoe, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta ufito wangu. Sijui nilikaa dakika ngapi, mshipi ulikuwa umejisokota. Niliporudi, dada yetu mdogo wa miaka minne alikuwa ameketi sakafuni na bakuli katikati ya miguu, anatafuna.

Nilimnyang'anya. Nikafanya nini baadaye? Hapa ndipo aibu ilipo, wasomaji. Sikufanya kitu. Nilimfuta mdomo, nikamwaga zilizobaki nyuma ya choo, nikakaa nikimwangalia. Nilimwambia Mungu kwamba asipougua sitagusa ndoana maisha yangu yote. Kama nusu saa hivi ikapita. Kisha akasema tumbo linauma, akatapika, akalegea mikononi mwa Kogo. Kogo akasema ni githeri ya jana. Mama akaja mbio kutoka chai, kikapu bado mgongoni, akaenda kuchukua maziwa ampe. Mimi nilisimama mlangoni na ulimi umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilijua. Wao wote wanakisia, mimi najua, na nimenyamaza kwa sababu ya konzi tatu za mbegu na kofi nililojua linanisubiri.

Tulipanda pikipiki ya yule yule jamaa wa Ahero, Mama na mtoto katikati, mimi nyuma nikining'inia. Pale zahanati daktari aliuliza, "Amekula nini?"

"Githeri," Mama akajibu.

Daktari akaanza kuandika. Nilitazama ile kalamu ikitembea kwenye karatasi.

"Si githeri," nikasema. "Ni mbegu. Mbegu ya kupanda, nilichemsha."

Mama aligeuka akanitazama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Weri," yaani kijana, kwa sauti ya chini sana.

Daktari hakupoteza muda kunigombeza. Aliuliza punje ngapi, saa ngapi, na pakiti iko wapi, kwa maana jina la dawa huandikwa pale. Jamaa wa pikipiki akarudi nyumbani kuichukua, na nadhani hakuwahi kuendesha kasi vile. Daktari alituambia mambo mawili ambayo nayaandika hapa kwa sababu nusu yetu tuna pakiti hizo nyumbani. Maziwa si dawa ya sumu, wala mtoto asilazimishwe kutapika kwa kutiwa kidole kooni. Mlete, na ulete pakiti. Alitundikiwa maji, akaangaliwa kila mara mpaka jioni. Saa kumi na moja alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Yule jamaa alinikuta huko. "Nilikwambia nafaka," alisema. "Nafaka ya kula. Kile usichoweza kukitia kinywani mwako unamtiliaje samaki ambaye mtu atamla?" Sikuwa na jibu. Wiki nzima kabla ya hapo sikuwa nimetupa mbegu hizo lamboni, ni bahati tu. Jumatatu ndiyo ningeanza kulisha nazo, na ng'ombe wa mtaa mzima hunywa pale.

Machi mvua ilipofika tulipanda. Mbegu zilikwisha kabla ya shamba, zikabaki mistari kadhaa kule chini karibu na mgomba. Mama hakusema neno. Alinipa maharagwe nikapanda pale. Ukipita kwetu sasa utaona mahindi yamenizidi kimo, halafu ghafla maharagwe mafupi kama pengo la jino. Nguu za Jadi bado tunasoma wawili, mimi na jirani yangu wa dawati, na yeye hufungua ukurasa kabla sijamaliza.

Nadhiri yangu ya kutogusa ndoana niliivunja Aprili, nikiri. Sasa navua kwa ugali uliokandwa na unga kidogo wa ngano, hushika vizuri kwenye ndoana ingawa unahitaji kuubadilisha kila mara. Kabla sijatoka nyumbani namega kipande nakila mwenyewe, mbele ya Mama. Hakuniagiza, lakini naona huwa anatazama.

Dada yetu ni mzima, anaruka kama swara. Ila kila akipewa githeri huikoroga kwanza kwa kijiko, anachagua punje moja, anainua juu kwenye mwanga na kuniuliza mimi, si mtu mwingine: "Hii ni ya watu ama ya shamba?"