Mnyama Asiye na Uso



Mlituomba, sisi tunaofundisha, tuandike neno juu ya watoto na filamu. Tulitaka kuandika mashauri ya kawaida: saa ngapi za televizio, saa ngapi za kulala. Lakini kila tulipoketi na kalamu, kilichotujia ni kile kilichotokea nyumbani mwetu wakati wa likizo kubwa. Tumeona afadhali tuseme hicho, ingawa kinatutia haya.

Tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi, katika lupango moja: sisi wazazi wawili, watoto wanne, kambo wao mzaa baba, na wapangaji upande wa nyuma. Mtoto wetu wa tatu ni msichana wa miaka minane. Alikuwa mtoto wa kulala kama gunia la makala, ukimwangusha hasikii. Katikati ya mwezi wa nane akaacha kwenda choo cha nje baada ya jua kuzama. Halafu akaanza kukojoa kitandani, kitu alichokuwa ameacha tangu ana miaka mitatu. Tulimgombeza. Asubuhi moja baba alimchapa, na mama hakusema kitu, kwa sababu alikuwa amechoka kufua mashuka.

Mnajua umeme wa mtaani kwetu. Taa haikatiki tu. Kwanza inafifia na kuwa nyekundu kama kaa la moto, inapepesa mara tatu nne, halafu inarudi au inakwenda kabisa. Kila ilipopepesa, mtoto alipiga kelele: “Anakuja!” na kuingia chini ya meza. Wadogo walicheka. Sisi tulisema anatafuta kubembelezwa.

Siku moja kambo alikuwa anaparua samaki nje, kisu kikamkata kidole. Mtoto alipoona damu alimshika mkono kwa nguvu, akamwambia: “Kambo, funga upesi, atasikia harufu.” Kambo akauliza, nani atasikia? Mtoto akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri: “Yule asiye na uso. Kichwa chake kinafunguka kama ua, na ndani ni meno tu. Anatokea ukutani.”

Mpangaji mmoja alikuwa anafua karibu. Alisikia yote. Wamama, hatuna haja ya kuwaeleza jinsi neno linavyotembea kutoka ndoo moja hadi nyingine pale penye maji. Kesho yake kabla ya saa sita tulikuwa tumeulizwa na watu wawili kama ni kweli mtoto wetu “anaona vitu.” Jioni wapangaji waliwaita watoto wao ndani mapema. Kambo mwenyewe, ambaye alilala na huyu mtoto mgongoni mwake alipokuwa mchanga, aliomba kitanda chake kihamishwe chumba kingine.

Hatukusema kwamba yeye ni mulozi. Hakuna mzazi anayeanza na neno hilo. Tulisema tu, aombewe. Ndivyo inavyoanza, kwa neno zuri.

Tukampeleka kwenye chumba cha maombi kimoja, usiku, ili majirani wasituone. Mtu aliyetupokea alikuwa mpole. Alimketisha mtoto katikati na kuanza kumuuliza: ni nani alikupa chakula usiku? Mnakwenda wapi mnapotoka? Mtoto alitutazama. Sisi tulitazama chini. Akaulizwa: “Huyo mnyama aliingiaje? Nani alimfungulia mlango?”

Akasema: “Onze.”

Yule mtu aligeuka kwetu kana kwamba amepewa ufunguo. Kumi na mmoja! Basi ni kikundi cha watu kumi na mmoja, akasema, na mtoto awataje mmoja mmoja, na bila shaka wengine wako ndani ya lupango. Aliagiza afunge siku tatu kavu, bila chakula wala maji, halafu tumrudishe. Sisi tukatikisa kichwa kukubali.

Mmoja wetu ni mwalimu mwenye diploma ya chuo cha ualimu. Katika somo la uraia tumeandika ubaoni kwa chaki yetu wenyewe kwamba Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, kifungu cha 160, inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Wanafunzi wameikariri. Zaidi ya hayo, tulikuwa na mtoto kalasini, miaka michache iliyopita, kijana mwerevu wa hesabu, aliyeacha kuja masomoni. Tulisikia kwamba baba yake alikufa na mama wa kambo akasema ni yeye aliyemla. Baadaye tulimwona sokoni, analala na mashege chini ya meza za wauza samaki. Alituamkia kwa adabu. Haya yote tulikuwa tunayajua, na bado asubuhi ile hatukumpa mtoto wetu uji.

Saa nne hivi alikuwa ameketi kizingitini, midomo imekauka. Binti wa jirani, yule anayemaliza sekondari mwaka huu, aliingia kurudisha mbabula aliyoazima. Akamuuliza mtoto anaumwa nini. Kambo akamweleza mambo ya Onze na ya watu kumi na mmoja. Binti akaanza kucheka, kisha alipoona nyuso zetu akaacha.

“Lakini Onze ni yule msichana wa Stranger Things,” akasema. “Mwenye kichwa kilichonyolewa.”

Tulimpa mtoto maji kwanza, halafu uji, halafu tukamwita yaya wake mwenye miaka kumi na sita. Hakukataa. Alikuwa amepakiwa filamu hiyo ya mfululizo kwenye telefone pale wanapouza nyimbo, kwa lugha ya Kifaransa. Aliitazama usiku chini ya blanketi, na mdogo wake akiwa nyuma ya bega lake, kila mmoja na upande wake wa waya wa sikio. Alimwambia: “Ukisema, hutaona tena.” Naye mtoto akatunza ahadi, hata mbele ya yule mtu wa maombi.

Jioni ile tulikaa kuitazama sisi wenyewe. Ni kazi ya ndugu wawili mapacha wa Marekani, Matt na Ross Duffer, na ilianza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2016. Sehemu ya kwanza ina vipande vinane. Hadithi inawekwa mwaka 1983, katika mji mdogo wa kubuniwa unaoitwa Hawkins, jimbo la Indiana. Kijana wa miaka kumi na miwili, Will, anarudi nyumbani kwa baiskeli usiku kutoka kucheza na rafiki zake, na usiku huohuo anatoweka. Amechukuliwa na mnyama kutoka dunia nyingine iliyo kama kivuli cha dunia hii. Ni mrefu, mikono mirefu, hana macho wala pua, na ngozi yake kama nyama mbichi. Uso ukifunguka ni majani ya ua yaliyojaa meno. Harufu ya damu humvuta. Watoto wenyewe wanamwita Demogorgon, jina walilolitoa kwenye mchezo wao wa mezani. Na ni kweli, Onze ndiye aliyefungua mlango, bila kutaka: ni mtoto aliyefungwa na wakubwa ili wachunguze nguvu zake, wakamlazimisha kugusa kitu ambacho hakupaswa kugusa. Mtoto wetu alikuwa amejibu swali sawasawa kabisa.

Tena kuna jambo la taa. Katika filamu hiyo, mnyama akikaribia, taa zinapepesa. Waliobuni jambo hilo bila shaka walifikiri nyumba ambamo taa ikipepesa ni ajabu. Hawakufikiri Katuba. Huyu mtoto wetu, kila jioni ya Mungu, alikuwa anaambiwa na taa ya nyumba yake kwamba mnyama yuko ukutani. Tulihesabu jioni moja: mara tisa kabla ya kula bukari.

Tutasema kweli, filamu si mbaya. Inatisha, na haimfai mtoto wa miaka minane, lakini si mbaya. Sisi ilitukamata kwa sababu ya mama. Anaitwa Joyce, na Winona Ryder ndiye anayemcheza. Ni mwanamke wa kazi ya duka, wa kuhesabu pesa, anayelea vijana wawili bila mume. Will anapopotea, anaanza kumsikia kupitia umeme. Anatundika taa ndogo za Noeli nyumba nzima, na ukutani anaandika kwa rangi herufi zote, taa moja kwa kila herufi, ili mwanawe amwandikie. Wote wanasema huzuni imempasua kichwa. Wanamletea hata maiti na kumwambia ndiye, azike. Anakataa, na baadaye inajulikana maiti ile ilikuwa ya kutengenezwa. Mama alikuwa peke yake, na alikuwa na haki.

Tulipofika hapo mtoto alikuwa amelala kwenye mapaja yetu, tulidhani. Hakuwa amelala. Aliuliza: “Mama wa Will alimsadiki. Mbona ninyi mlinipeleka kule?”

Baba aliinuka, akasema anakwenda kuzima moto wa mbabula. Mbabula ilikuwa imezimwa tangu saa mbili. Mama alimwambia mtoto: “Tulikosea.” Hakukuwa na neno lingine la kuongeza, na tulipotafuta lingine lilikuwa la kujitetea.

Siku iliyofuata binti wa jirani alitutafutia picha za jinsi mnyama alivyotengenezwa. Ndani yake kuna mtu, Mark Steger, mchezaji mrefu mwembamba. Mafundi wanamvalisha ngozi ya mpira na kumwekea kichwa chenye mota zinazofungua yale majani. Mtoto aliangalia mara mbili bila kupepesa. Akauliza kama haoni joto mle ndani, na anakojoa namna gani. Tulicheka wote, hata kambo. Tukadhani imekwisha. Usiku akaja kitandani petu: “Lakini kama ni nguo, mtu mwingine anaweza kuivaa.”

Kwa hiyo haikuisha siku moja. Tulinunua taa ndogo ya jua, ambayo haipepesi, tukaiweka chumbani mwake. Tulipanga kwamba kwenda chooni usiku si kosa la kumwamsha mtu. Anaamsha yeyote, na aliyeamshwa haguni. Yaya wake alipewa adhabu ya kuteka maji mwezi mzima, na hakulalamika. Kukojoa kitandani kulipungua polepole, kukaacha karibu na kufunguliwa kwa masomo. Baba alirudi kwa yule mtu wa maombi kumweleza. Hakufurahi. Alisema shetani hupitia filamu pia. Baba akamshukuru na kutoka. Mpangaji mmoja bado anawaita watoto wake ndani anapomwona binti wetu akicheza, na hatujui bado tumwambie nini ambacho hatujamwambia.

Kambo alirudisha kitanda chake mwenyewe, akikiburuza, bila kuomba msaada. Hakueleza. Siku mbili baadaye alituuliza kama ni kweli Will alipatikana, na tulipomwambia atazame mwenyewe, alitazama hadi mwisho na miwani yake puani, akimtukana mnyama kwa Kiluba kila alipotokea.

Juzi jioni umeme ulipepesa tena, wakati wa kula. Mtoto aliacha kijiko hewani na kututazama sisi, si ukuta. Tukaacha kula. Kambo akasema, “Ni transfoma ile ya kona.” Mtoto akasubiri kidogo, akauliza nani anamsindikiza chooni, na tukaenda watatu.