Panadol Mkobani mwa Mama

Mama yetu alipovunjika mkono hapa Uingereza, daktari alimwandikia co-codamol 30/500. Sisi wanawe tulisoma jina, tarakimu hatukuzijali: kila kidonge kina miligramu 30 za kodeini, iliyo jamaa ya mofini, na miligramu 500 za parasetamoli.

Mama naye alikuwa na Panadol zake mkobani, alizozizoea tangu Mombasa. Akawa anameza vidonge vinane vya daktari kwa siku, ambao ndio ukomo wake, kisha usiku anaongeza Panadol mbili, pengine nne. Hatukuwa tumemweleza kwamba Panadol ni parasetamoli ile ile, na kwamba mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24. Usingizi wake mzito tuliudhania kuwa uchovu. Kumbe ni kodeini.

Tulipogundua tulipiga simu 111, tukaagizwa tumpeleke hospitali upesi ijapokuwa hakulalamikia lolote, kwani ini huweza kuanza kuharibika na dalili zisionekane kwa siku nzima au zaidi. Damu ilipimwa; alisalimika. Zile Panadol tumezifungia kabatini, na Mama hadi leo ametununia.