Michoro ya Ushindi na Dari Iliyoinuliwa

Katika michoro ya kale iliyochapwa kwa mabamba ya shaba, inayonivuta zaidi ni ile ya ushindi wa baharini. Sivutwi na mizinga wala matanga yaliyochanika, bali na swali moja: nani aliamua tuone nini?

Tuchukue mapigano ya Trafalgar ya Oktoba 21, 1805. Manowari 27 za Uingereza zilizishinda 33 za Ufaransa na Hispania, na Waingereza hawakupoteza hata meli moja. Kamanda wao, Admirali Nelson, alipigwa risasi kwenye sitaha ya meli yake, Victory. Aliteremshwa chini kabisa, kwenye giza walikolazwa majeruhi, akafia huko saa chache baadaye.

Mwaka 1806 Benjamin West alichora kifo hicho. Katika picha yake Nelson anafia juu, sitahani, kwenye mwanga, amezungukwa na maofisa na mabaharia. James Heath akaichonga kwenye bamba, na mwaka 1811 nakala zikatolewa. West hakuficha kwamba mambo hayakuwa hivyo. Kwake, shujaa hakustahili kuonyeshwa akifa kama mtu wa kawaida.

Mwenzake, Arthur Devis, aliutafuta ukweli. Victory iliporejea Uingereza aliipanda, akachora sura za waliokuwapo, akamlaza Nelson chini gizani, penye mwanga wa taa. Hata hivyo, katika picha yake Kapteni Hardy amesimama wima mahali ambapo dari halisi ingemlazimu kuinama. Hata mkweli aliinua dari ili wakubwa wapate kusimama.

Ndugu msomaji, uongo wa West ni mwepesi kuukosoa, maana mwenyewe aliutetea. Wa Devis ni mgumu, kwa kuwa umezungukwa na kweli nyingi. Ndivyo zilivyo historia nyingi tunazofundisha na picha rasmi tunazotundika maofisini: tarehe ni sahihi, majina ni sahihi, nyuso ni sahihi, lakini nafasi waliyopewa wakubwa si ile waliyokuwa nayo. Katika Victory pekee waliuawa watu 57. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni moja.

Kwa hiyo nawahimiza wanafunzi wangu: mkiletewa picha ya ushindi wowote, uwe wa vita au wa uchaguzi, msiishie kuwatambua waliosimama. Pimeni na dari.