Idjwi: Kisiwa cha Muhogo, Shingo na Chumvi

Msomaji mpenzi, wewe unayekaa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, umezoea vumbi ya migodi na kelele ya malori. Mwezi huu tufunge safari pamoja, twende Kivu, mahali maji ni mengi na vilima ni vya majani mabichi, lakini udongo umekosa kitu kimoja kidogo sana.

Ukifika Bukavu, shuka mpaka kwenye ziwa, upande mashua ya Idjwi. Utakaa katikati ya magunia, mabidoni na akina mama wanaorudi kutoka soko. Kisiwa ni kikubwa, zaidi ya kilometa mraba 300, kati ya Kongo na Rwanda. Utaona migomba, maharagwe, mananasi, na mihogo kila mahali. Jioni utaona mitumbwi ya wavuvi ikitoka kutafuta sambaza.

Nilienda kule kumsalimia mama mkubwa wangu, aliyeolewa kisiwani tangu ujana wake. Shingo yake imevimba mbele, kama mtu aliyemeza nanasi dogo likakwama. Ndiyo rovu, ile ambayo wengi kwetu wanaita goitre. Nilipokuwa mtoto, watu wa jamaa walisema ni uchawi, wengine walisema inaambukiza. Mimi mwenyewe nilikataa kulala chumba kimoja naye. Leo ninaona haya juu ya hiyo, kwa sababu haikuwa uchawi, wala haiambukizi.

Sikiliza namna inavyofanyika. Mbele ya shingo kila mtu yuko na tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoendesha mwili: joto, moyo, nguvu, na akili ya mtoto tangu tumboni. Ili ifanye kazi inahitaji madini yanayoitwa iode. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mwanamke mwenye mimba 250. Lakini katika nchi za milima, mvua ya miaka mingi imeiosha iode na kuitoa katika udongo. Chakula kinachoota pale kinaikosa pia. Tezi inajikaza, inakua, inavimba, ikitafuta isichopata.

Tangu miaka ya 1960 madaktari walifika Idjwi kuchunguza jambo hili. Walishangaa. Iode ilikosekana kisiwa kizima, lakini rovu zilikuwa nyingi sana upande wa kaskazini, na chache upande wa kusini-magharibi. Tofauti waliikuta katika sahani: muhogo. Muhogo, zaidi ule mchungu, uko na sumu. Usipolowekwa vizuri, sumu ile inaingia mwilini, mwili unaigeuza kuwa kitu kingine kinachozuia iode kuingia katika tezi. Basi, mahali iode ni kidogo, na hiyo kidogo inafungiwa mlango.

Nilimuliza mama mkubwa namna walivyokuwa wanafanya. Akacheka kidogo.

«Mwanangu, wakati ya njaa tulikuwa tunatosha muhogo mu maji kisha siku moja tu. Watoto banalia, utangoja nini?»

Sasa analoweka siku tatu ao ine mpaka muhogo unalainika, anautoa, anauanika kwenye jua hata unakauka kabisa, ndipo anasaga. Na bukari ile anaikula na maharagwe ao sambaza, kwa sababu mwili unahitaji chakula cha kujenga ili uweze kuvunja sumu inayobaki.

Lakini jambo lililonileta lilikuwa lingine. Mjukuu wake alikuwa na mimba ya miezi mine. Mama mkubwa alikuwa na woga, maana aliona katika ujirani wao watoto waliozaliwa wafupi, wazito wa kusema, wasiosikia vizuri. Hayo ndiyo mabaya makubwa ya kukosa iode, na yakishafika hayarudi nyuma. Binti alikuwa ameuziwa sokoni chupa ya matone ya iode, «dawa ya shingo». Tulimpeleka kwa muuguzi, naye akasema: «Weka chini kwanza.» Iode ya kupita kiasi inaweza kuharibu tezi ya mama na ya mtoto. Mnamo 1996 madaktari waliandika juu ya watu wa Kivu hii hii ambao, kisha kupata iode kwa wingi, tezi zao zilianza kukimbia: moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, mwili unakonda. Vilevile mnamo 1991 waliandika kwamba kaskazini mwa nchi watu waliokosa iode walipewa selenium peke yake, na hali ya tezi zao ikazidi kuwa mbaya. Basi vidonge vya kuongeza nguvu si pipi.

Dawa ya nyumba nzima ni chumvi yenye iode. Kopo la mama mkubwa lilikuwa wazi, juu ya jiko, penye moshi na joto. Pale iode inapotea. Tulinunua chombo chenye kifuniko, tukakiweka mbali na moto. Chumvi sasa inatiwa mwisho wa kupika. Haizidishwi: kijiko kidogo kimoja kwa siku kinamtosha mtu mzima, kwa sababu ya presha.

Wewe wa mjini, usiseme haya ni ya kisiwa tu. Ukichoka bila sababu, ukisikia baridi wakati wengine wana joto, ukinenepa na ngozi inakauka, uende upimwe damu. Na kama daktari alikupa vidonge vya tezi, umeze asubuhi tumbo likiwa tupu, mbali na vidonge vya chuma kwa saa ine. Usiviache kwa sababu jirani alikusifia majani fulani. Chakula kinasaidia, hakichukui nafasi ya dawa ile.

Siku ya kurudi, mama mkubwa alinisindikiza mpaka kwenye mashua. Rovu ya zamani, iliyokauka, haiyeyuki kwa chumvi, anajua. Akashika shingo yake, akaniambia:

«Hii yangu tutazeeka nayo. Ya mutoto ule ndiyo sitaki kuiona.»

Jioni hii, msomaji, fungua kopo la chumvi la nyumbani kwako. Soma mfuko wake kama umeandikwa iode. Kisha ulifunge vizuri.