Kidonge Hakingoji Bugali

Kosa la jirani yafaa kulifunika. Lakini kosa letu wenyewe yatupasa kulisema, lipate kuwafaa wengine.

Katika kijiji kimoja, njiani kati ya Kasongo na Kabambare, alikaa kijana wa miaka 16 pamoja na nyanya yake. Alizaliwa na virusi vya SIDA, naye alimeza dawa kila jioni. Siku moja alituuliza: «Mwalimu, nikikosa chakula, nimeze?» Tukamjibu: «Ngoja, mwanangu, ule kwanza.» Tulidhani tumesema neno la huruma.

Kumbe ilikuwa miezi ya njaa. Watu waliacha mashamba kwa kuogopa wenye silaha, na nyumba ile siku nyingine haikupika. Basi kijana alipokosa bugali, aliacha na dawa. Akakonda, akaanza kukohoa.

Tulipompeleka kwenye kituo cha afya, muuguzi alitufundisha kwa upole. Dawa yake ni ile yenye dolutegravir, ambayo Shirika la Afya la Dunia laipendekeza iwe ya kwanza tangu mwaka 2019. Humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Anayeiruka huwapa virusi nafasi ya kuongezeka, hata ya kuizoea dawa. Tena, mwenye virusi akikohoa, akikonda, akipata homa au akitoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu bila kukawia.

Je, chakula si kitu? La! Mwaka 2003 Shirika hilo lilieleza kwamba mwenye virusi, hata asipougua, ahitaji nguvu ya chakula zaidi kwa kadiri ya 10 kwa mia. Na kijana bado anakua. Bugali wa muhogo hushibisha, lakini haujengi mwili. Vinavyojenga ni karanga, maharagwe, ndagala na mayai. Sombe iliyotwangwa na kuchemshwa sana, mapapai na maembe huulinda mwili. Mawese huongeza nguvu. Vyote hivi ni vya kwetu. Lakini hakuna mzizi wala unga wa dukani unaoshika mahali pa dawa.

Tuligundua jambo jingine. Mtoto huyo alikula mwisho, kwa sahani yake peke yake, kwa kuwa nyanya aliogopa. Tukamwambia: «Mama, SIDA haiambukizwi kwa sahani.» Tukakaa, tukala naye sahani moja. Tena tukamwomba kijana msamaha kwa shauri letu baya.

Leo anameza kila jioni, ale asile, na nyanya humwekea karanga kila anapozipata. Kilo zinarudi polepole.

Ndugu, pengine karibu nawe yuko mmoja kama huyu. Mpelekee kikombe cha maharagwe, lakini usitangaze habari zake: siri ya mgonjwa haipigiwi ngoma. Na akikuuliza kama tulivyoulizwa sisi, mjibu vema: «Meza sasa, mwanangu, kisha njoo, tutafute chakula pamoja.»